Vifuniko Kumi vya Sista

Nimeanza kuandika habari za Sista mara tatu katika daftari hili, na mara tatu nimechana kurasa. Mara ya kwanza nilimfanya mwema kupita mtu. Mara ya pili nilikuwa najitetea mimi. Mara ya tatu niliposoma niliyoandika sikuelewa mwenyewe nilitaka kusema nini. Hii ni mara ya nne. Ikiwa na makosa, ni makosa ya mtu aliyeishia darasa la nane, anayeandika Kiswahili kwa sababu Kisomali chake hakuna aliyemfundisha kukiandika.

Sista alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati yetu hapa Waberi, mjini Garissa. Mimi nilikuwa, na bado ni, mwandikishaji wa wagonjwa pale mlangoni, na siku za gari la kliniki nilikuwa mkalimani wake. Alitoka upande wa majani chai. Mahali penyewe aliwahi kunitajia, nikasahau, na sitabuni. Jina lake lilikuwa kwenye beji, lakini maandishi ya beji yalifutika zamani na hakuna aliyeliuliza. Hata mchungaji wa kanisa lake alipokuja kumtafuta alisimama mlangoni kwangu akasema, "Sista yuko?"

Wanaume wote aliwaita adeer, yaani baba mdogo, kwa sababu mtu alimwambia siku zake za kwanza Garissa kwamba ni neno la heshima. Alimwita adeer hata kijana wa maabara ambaye angeweza kuwa mwanawe. Kijana naye alikuwa anaitika kwa sauti nzito, "Naam, mwanangu." Sista alicheka kila siku kama ndiyo mara ya kwanza.

Alikuwa na swali lake. Alilipata kwenye masomo ya uzeeni, nitayasema, na tangu alipolipata hakutuacha nalo. "Ukilinganisha na nini?" Nikisema leo joto limezidi, anauliza, "Ukilinganisha na nini, Halima?" Nikisema na jana, anataka kujua jana nilipima na nini. Siku moja dereva wetu alikuwa anafuta kioo cha gari huku akisifu mapishi ya mke wake.

"Ukilinganisha na nani?" Sista akamuuliza.

Dereva akaacha kufuta. "Sista, hiyo swali usiuliza tena. Hiyo swali inaweza funja nyumba."

Mimi swali hilo lilinichanganya tangu mwanzo na linanichanganya sasa. Nikifikiria kama Sista alikuwa mtu mwema, nalisikia linaniuliza nami.

Alikuwa mkali. Hilo lazima niliandike. Aliwahi kuletewa mtoto aliyeharisha siku tatu, macho yameingia ndani, na akamfokea mama yake mbele ya foleni nzima: "Siku tatu ulikuwa wapi? Unangoja nini, akauke?" Mama hakujua Kiswahili. Akanitazama mimi. Nikamwambia kwa Kisomali, "Sista anasema pole kwa safari, na mtoto atapata nafuu, insha'Allah." Mama akamshika Sista mkono akambusu kiganjani. Sista akatulia, akaanza kumtafuta mtoto mshipa, na kazi ikaenda.

Jioni ya siku ile ile alitembea kwa miguu mpaka wanakokaa, amejifunga leso kichwani, kumtazama mtoto. Kwa hiyo mtu akisema alikuwa mkali, ni kweli, na akisema alikuwa na huruma, ni kweli, na vyote vilitokea siku moja. Lakini nimeandika kisa hiki kwa sababu yangu pia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikitafsiri. Nilidhani ndiyo kazi ya mkalimani, kuhakikisha watu wawili hawagombani.

Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yetu hata tonge. Alijifungia stoo kunywa maji. Nilimfuma mara moja na kikombe mdomoni, akashtuka kama mwizi, yeye Mkristo na muuguzi mkuu mwenye funguo zote. Nikamwambia, "Sista, kunywa tu, hakuna anayekukataza." Akasema, "Najua hakuna. Ndiyo sababu najificha." Sikuelewa. Dereva anasema alielewa, lakini aliponieleza nikaona naye hakuelewa.

Sasa masomo.

Tulikuwa na gari lililotoka mara moja kwa wiki kwenda upande wa Masalani, kwenye sehemu wanakonyweshea mifugo, kuwatibu watu ambao hawawezi kuacha wanyama waje mjini. Siku moja tuliitwa kwenye kikao katika ofisi ya afya ya kaunti. Mimi nilikwenda kubeba rejista. Afisa mmoja, kijana mpole, nadhani hakuwa na nia mbaya, alisema gari lile linachukua mafuta na wafanyakazi watatu kutwa nzima, na linaona watu wachache. Akauliza faida yake. Sista akasema, "Watu wale wanaumwa." Afisa akasema, "Sista, kila mtu anaumwa. Nionyeshe kwa nini niwape hawa gari nisiwape wengine dawa."

Sista, mwenye maneno mengi siku zote, siku ile aliliandika swali la afisa kwenye jalada la rejista. Baada ya muda tukasikia amejiandikisha chuo kikuu, masomo ya mtandaoni, shahada ya uzamili ya uchumi wa afya na tathmini ya huduma. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Kijana wa maabara alimuuliza ataipeleka wapi shahada uzeeni. Akasema, "Nitampelekea yule afisa mezani."

Alisomea chumba cha chanjo, kwa sababu ndiko mtandao ulikoshika. Alikaa kati ya friji na mizani ya watoto, kompyuta kwenye mapaja, na sauti ya mwalimu ikatoka humo ikisema maneno ambayo hata yeye alikuwa anayaandika mkononi kwa kalamu ili ayatafute baadaye. Akimaliza alinieleza mimi. Alisema ukiweza kumweleza Halima umeelewa. Sijui kama ilikuwa sifa.

Alisema kuna namna ya kupima afya kwa miaka. Mwaka mmoja wa mtu mwenye afya kamili ni moja. Mwaka wa mtu mwenye maumivu unaweza kuwa nusu.

"Nusu nyingine inakwenda wapi?" nikauliza.

"Haiendi mahali. Imeliwa na ugonjwa."

"Lakini ameiishi. Amefunga Ramadhani nzima humo ndani."

"Halima, ni hesabu tu."

Akasema kifo ni sifuri. Halafu, akishusha sauti, akasema kuna hali ambazo watu wengine walipoulizwa walisema ni mbaya kuliko kifo, nazo huandikwa chini ya sifuri. Nikasema astaghfirullah, nikatoka kwenda kuandikisha wagonjwa. Siku nzima nilikuwa natazama watu wakija mlangoni na najiuliza huyu ni robo, huyu ni nusu, na nikaona aibu.

Kwa hiyo mtu asiseme sikuambiwa. Niliambiwa. Nilijua miaka ndiyo inayotafutwa.

Tasnifu yake ilikuwa kuhusu lile gari. Ili kuonyesha watu wale wanaumwa kiasi gani, ilibidi awaulize swali moja kubwa. Akakusanya vifuniko kumi vya chupa za dawa ya kikohozi, akaviosha, akavipanga kwenye kipande cha katoni. Kila kifuniko ni mwaka mmoja. Mgonjwa anaambiwa: tuseme umebakiwa na miaka kumi, na maumivu haya haya uliyonayo. Au unaweza kupona kabisa leo, lakini uishi miaka pungufu. Uko tayari kutoa miaka mingapi? Anasukuma vifuniko anavyotoa. Anayesukuma vingi anaumwa sana. Asiyesukuma hata kimoja ni kama mzima.

Wa kwanza kwenye foleni ya gari alikuwa mzee mwenye goti lililovimba. Nilimuuliza kama lilivyoandikwa. Nilimuuliza sawasawa, na hili naweza kuapa.

Mzee alitazama vifuniko, akanitazama mimi. "Wewe ni binti wa nani?"

Nikamtajia baba yangu.

"Baba yako namjua. Hakukulea hivi. Unataka nife lini?"

"Adeer, ni swali la masomo tu."

"Miaka yangu anayo aliyenipa. Wewe umetumwa na nani kuja kuihesabu kwa vifuniko?"

Akainuka na goti lake, akakataa hata dawa. Akapita kwenye foleni akisema maneno kwa sauti ya chini, na foleni ikaanza kupungua. Mwanamke mmoja akambeba mtoto wake aliyekuja kwa chanjo akaondoka. Kwetu kumuuliza mtu atoe miaka ni kama kumtakia kifo. Sista alikuwa ameinamia karatasi.

"Amesemaje?"

"Amesema atafikiria."

"Mwingine."

Mwingine akaja na kukaa mbele ya vifuniko, na nyuma yake watu bado wanaondoka. Mdomo wangu ukasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Nikasema: tuseme una mbuzi kumi. Ungetoa mbuzi wangapi ili maumivu haya yaishe leo?

Watu wakarudi kwenye foleni, tena wakasogea karibu kusikiliza. Swali hilo kila mtu alikuwa na la kusema. Mmoja alisema watatu, lakini majike hatoi. Mwingine alisema atatoa watano kama Sista atachukua na mke mkubwa. Walisukuma vifuniko, wakavirudisha, wakabishana na walio nyuma yao. Sista alikuwa anaandika kwa furaha.

"Mbona wanacheka?"

"Wamelipenda swali."

"Unaona? Walimu wangu walisema wafugaji hawataelewa."

Tulikwenda hivyo wiki nyingi. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi, kwa sababu Sista alijua neno la mbuzi. Kisomali chake kilikuwa cha magonjwa na cha sokoni, na mbuzi ndiye wa kwanza sokoni. Nililisema neno hilo mbele yake siku nzima. Nilijiambia amesikia na amekubali. Siku nyingine nilijiambia hakusikia na nimwambie. Nikasema nitamwambia Alhamisi. Alhamisi zikapita.

Alikuwepo mfanyabiashara wa mifugo mwenye kiungulia. Huyo mbuzi kwake ni mamia. Alisukuma vifuniko saba kwa kiganja kimoja, bila kufikiri, akaangalia saa. Sista akasema, "Maskini, huyu anateseka."

Na alikuwepo mjane. Aliumia wakati wa kujifungua, na maumivu yakabaki. Hakukaa kwenye kiti, alipiga magoti pembeni ya gari. Nilipomwambia tuseme una mbuzi kumi, akasema, "Sina kumi. Nina wanne."

"Ni mfano tu, abaayo, dada yangu."

"Wanne hao ndio maziwa ya watoto wangu. Nitoe yupi?"

Akanyoosha mkono, akagusa kifuniko cha mwisho, akakisogeza kidogo. Halafu akakirudisha mahali pake. Sista akaandika sifuri. Nilimwona akiandika.

Ndiyo siku ambayo nilipaswa kusema. Sikusema. Nilimsaidia mjane kuinuka, akapewa dawa ya maumivu, akaenda.

Mara ya mwisho kukaa na Sista ilikuwa nyumbani kwake, nyuma ya zahanati, baada ya sala ya alasiri. Amestaafu tayari. Vitu viko kwenye maboksi, vitabu vya kanisani juu, sufuria chini. Alinipigia simu akasema njoo, nina shida ya masomo. Kompyuta ilikuwa juu ya boksi.

"Kaa. Hebu nisaidie kichwa. Ukurasa wa kwanza wa karatasi za maswali tuliwauliza wana mifugo mingapi, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Msimamizi wangu ameniandikia. Anasema wenye mifugo mingi ndio wanaoumwa sana, na wasio na kitu hawaumwi. Wajane ndio wazima kuliko wote. Ananiambia nieleze." Alivua miwani akaifuta kwa leso. "Nimerudia hesabu mara tano. Naona ni kweli imetoka hivyo. Wewe uliwaona watu wale. Inawezekana?"

Nilitaka kusema inawezekana. Hilo pia naliandika.

"Sista, sikuwauliza miaka."

"Uliwauliza nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wao."

Nje mtu alikuwa anapita na mkokoteni wa maji, na tulisikia madumu yakigongana mpaka akaishia.

"Wote?"

"Mzee wa goti nilimuuliza miaka. Wengine wote mbuzi."

"Kwa hiyo nina mtu mmoja."

"Naye hakujibu," nikasema, kwa sababu ndiyo ukweli.

Nilidhani atacheka. Alisimama akaenda jikoni, nikasikia anawasha jiko, anazima, anawasha. Sikujua kama nikae au niondoke. Aliporudi hakuwa na chai.

"Kwani ulifikiri nasoma kitu gani, Halima?"

"Sikujua vizuri."

"Si ungeuliza."

"Ungekasirika."

Akafikiria. "Ningekasirika."

"Lakini ulisikia neno la mbuzi, Sista. Ulikuwa pale."

"Nilisikia. Nimekaa na nyinyi miaka zaidi ya ishirini. Ni lini mmezungumza mbuzi asiingie?"

Nikamweleza yote: mzee na foleni, mtoto wa chanjo, na mjane wa mbuzi wanne aliyerudisha kifuniko. Alinisikiliza kama alivyokuwa anawasikiliza wagonjwa, akitazama mikono yangu. Nilipofika kwa mjane alisema, "Yule nilimwandikia sifuri."

"Ndiyo."

"Sifuri maana yake haumwi popote."

"Najua. Ulinifundisha."

Akaniambia ana wiki tatu za kupeleka tasnifu. Mvua imeshanyesha, watu wale wametawanyika, hakuna gari litakalowafuata. Akasema, kama anazungumza na boksi, kwamba anaweza kuiacha kama ilivyo na kutafuta maelezo ya kupendeza, maana chuoni hakuna atakayejua mbuzi kwa Kisomali.

"Basi iache hivyo," nikasema. Nilisema hivyo, na nikamaanisha. Nilitaka apate shahada yake.

"Halafu nimpelekee yule afisa mezani. Asome kwamba wajane wa kule ni wazima, gari libaki mjini." Akavaa miwani. "Hapana. Hizi hesabu zote naziondoa. Badala yake naandika kilichotokea. Wakikubali, wakubali. Wakikataa, nitakwenda nyumbani kama nilivyokuja."

"Na mimi utaniandika?"

"Nitaandika mkalimani. Mkalimani aliyezuia foleni isiondoke, na akaharibu hesabu. Yote mawili."

Sina ubishi na hilo. Nimelipima mara nyingi na naona ni haki, ila sijui lipi kati ya hayo mawili ni kubwa.

Akavuta kompyuta mapajani. "Sema ulivyowauliza. Neno kwa neno, Kisomali kwanza, halafu Kiswahili." Nikasema, yeye akaandika kwa vidole viwili, akanisimamisha kila neno. Ilikuwa mara ya kwanza miaka yote hiyo maneno yangu kuandikwa na yeye bila mimi kuyalainisha. Tulikaa mpaka chumba kikaanza giza na hakuna aliyewasha taa.

Tulipomaliza aliniuliza, "Kama ningekuachia wewe, bila vifuniko, bila chuo. Yule mjane ungemuuliza nini, ili mtu wa ofisini ajue anaumwa kiasi gani?"

Nilifikiri sana. Sikutaka kukosea tena.

"Ningemuuliza usiku maumivu yanamwacha alalie upande gani."

Akaandika. Akasubiri.

"Na analalia upande gani?"

"Sijui, Sista. Sikumuuliza."

Akaandika na hilo.